Kuchagua Risasi ya Kuwindia kwa Kufuata Umbali: Mwongozo Kamili kwa Miombo na Mbuga za Tabora na Kigoma

Kosa lile lile hujirudia kila msimu. Mtu mwenye leseni halali, bunduki nzuri na macho yanayoona mbali humpiga kongoni katika miombo ya Sikonge kwa mita 50. Mnyama huanguka, huinuka, huingia kichakani, na jua huzama kabla hajapatikana. Jioni kambini lawama huelekezwa kwenye bunduki, darubini au mkono wa mpigaji, ilhali mara nyingi kasoro ilinunuliwa dukani ndani ya boksi la risasi lililotengenezwa kwa kazi nyingine.

Wanaoniandikia kuhusu jambo hili karibu wote huuliza risasi ipi ina nguvu zaidi. Swali linalofaa ni hili: risasi hiyo itakuwa na kasi gani wakati inapomgusa mnyama, na imeundwa ihimili kasi hiyo au la? Hatua zifuatazo zimepangwa ili zikufikishe kwenye jibu la bunduki yako na eneo lako.

## Maneno na mipaka kabla ya kuanza

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa vitu vitatu: madini mazito ya kijivu, kitu kinachotoka mtutuni, na kitu kizima chenye ganda, baruti na fataki (kiwashio kidogo cha kitakoni kinachoilipua baruti). Dukani mkanganyiko huu umewagharimu wengi. Hapa nitasema risasi kwa maana ya kitu kizima, kichwa kwa maana ya kile kinachoruka na kumgonga mnyama, na madini ya risasi ninapotaja metali yenyewe.

Maelezo yote haya yanamhusu mtu mwenye leseni ya silaha na leseni ya uwindaji, anayewinda mnyama aliyetajwa katika leseni hiyo, mahali na wakati ulioruhusiwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 ndiyo msingi wa jambo hili, na ofisa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kuulizwa kabla ya safari. Ninalisisitiza kwa sababu Ugalla, ambayo wawindaji wakongwe wa Tabora bado huitaja kwa mazoea kama pori la akiba, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, na hakuna uwindaji ndani yake.

## Vitu vya kuandaa

- Bunduki yako na leseni yake, pamoja na idadi ya risasi unayoruhusiwa kumiliki.
- Aina mbili au tatu za risasi za kaliba ya bunduki hiyo (yaani kipimo cha risasi ambacho bunduki imetengenezewa), boksi moja la kila aina.
- Nafasi katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha.
- Karatasi za shabaha, sahani za karatasi zenye upana wa sentimita 15 hivi, na futi ya kupimia.
- Mifuko miwili ya mchanga ya kulazia bunduki, na miti mitatu iliyofungwa pamoja juu kama tegemeo la porini.
- Vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho.
- Magazeti ya zamani ya kujaza boksi lenye kina cha sentimita 60 au zaidi, na maji ya kuyalowekea.
- Mzani mdogo kama ule wa sonara, unaosoma gramu na sehemu zake.
- Daftari na kalamu.

Daftari huonekana dogo kuliko vyote, lakini asiyeandika hurudia kosa lake msimu unaofuata akidhani ni bahati mbaya mpya.

## Hatua ya 1: Soma mtutu, kisha soma boksi

Jina la kaliba lililochongwa kwenye mtutu lifanane na lililoandikwa kwenye boksi na kwenye kitako cha kila ganda, tarakimu kwa tarakimu. Risasi za .308 Winchester na .30-06 zina vichwa vya unene ule ule, lakini maganda yake ni tofauti, na kuipiga moja katika chemba ya nyingine (nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ni kujihatarisha macho na vidole. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba "hizi zinaingiliana."

Kisha tafuta uzito wa kichwa. Kwenye boksi utaona namba ikifuatiwa na herufi "gr", na wengi huisoma gramu. Ni greni, kipimo cha zamani ambacho moja yake ni gramu 0.0648. Kichwa cha greni 180 kina uzito wa karibu gramu 11.7, na cha greni 300 karibu gramu 19.4.

Kasi nayo mara nyingi huandikwa kwa futi kwa sekunde. Igawanye kwa 3.28 upate mita kwa sekunde. Boksi la .30-06 la greni 180 linalosema 2,700 lina kasi ya mita 823 kwa sekunde mdomoni mwa mtutu.

Dalili ya mafanikio: ukurasa wa kwanza wa daftari una kaliba, uzito kwa greni na gramu, kasi kwa mita, na jina la aina ya kichwa kwa kila boksi ulilonalo.

## Hatua ya 2: Pima umbali wa mahali unapowinda

Watu wengi hawaujui umbali wanaopigia. Nimesikia mara nyingi kisa cha swala aliyepigwa "mita 200", nami nilipokwenda na mwenye kisa kupima kwa hatua kutoka kwenye ganda hadi kwenye damu, tulikuta 90 au 110. Macho hudanganya zaidi miomboni, ambako vigogo vya miti humfanya mnyama aonekane mdogo na wa mbali.

Pima hatua yako kwanza. Pima mita 50 kwa futi ya kupimia, utembee kwa mwendo wako wa kawaida, uhesabu. Mtu ambaye hatua yake ni sentimita 75 atahesabu hatua 133 kwa mita 100. Ukishaijua namba yako, nenda katika eneo lako bila haraka ya kuwinda, chagua mti au kichuguu unachodhani ungeweza kumpiga mnyama aliye hapo, sema namba kwa sauti, kisha tembea uhakikishe. Fanya hivyo mara 20 kwa siku na uandike makisio na vipimo.

Katika mikoa hii miwili utakuta mazingira ya aina mbili yanayodai risasi tofauti. Ya kwanza ni miombo yenyewe: Sikonge, Kaliua, Urambo na misitu inayoshuka kuelekea Uvinza, ambako mnyama huonekana kati ya mita 30 na 100, tena majani yanapochipua umbali hupungua zaidi. Ya pili ni mbuga kwa maana halisi ya neno hilo huku kwetu, yaani bonde la udongo mweusi lisilo na miti, na juu ya yote tambarare za Malagarasi na Moyowosi, ambako nyamera husimama mahali palipo wazi na hakuna kichuguu cha kukufikisha karibu. Huko mita 150 hadi 250 ni umbali wa kawaida.

Onyo: usinunue risasi kwa ajili ya mpigo mmoja wa mbali unaouota. Nunua kwa ajili ya umbali ulioujaza daftarini.

## Hatua ya 3: Tafuta kasi ya kugonga

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo, nami nakuomba usipite haraka.

Kichwa cha kawaida cha kuwindia kina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba, na ncha yake imeachwa wazi au imefunikwa kidogo tu. Kinapoingia mwilini, msukumo wa nyama na maji huifungua ncha hiyo ikachanua kama uyoga, tundu likawa pana, na mnyama akafa upesi. Kinachofungua ncha ni kasi. Kasi ikiwa ndogo mno, kichwa hupita kama msumari na kuacha tundu jembamba. Ikiwa kubwa mno kuliko uimara wa koti, kichwa hupasuka vipande vipande juu ya bega, kidonda kinakuwa kipana lakini kifupi, na mapafu hayafikiwi.

Kwa hiyo umbali mfupi ndio mtihani mkali zaidi kwa kichwa cha risasi. Kwa mita 40 kinagonga kikiwa na karibu kasi yake yote. Mwindaji wa miombo anayenunua risasi nyepesi, ya kasi kubwa na koti jembamba, kwa sababu boksi limesifu umbali, amechagua kinyume kabisa cha mahitaji yake.

Chukua mfano wa .30-06 ya greni 180 yenye ncha iliyochongoka. Mtutuni ni mita 823 kwa sekunde. Kwa mita 100 inabaki karibu 760. Kwa mita 200 karibu 700. Kwa mita 300 karibu 640. Namba za boksi lako zitatofautiana kidogo, na watengenezaji wengi huchapisha jedwali la kasi kwa kila umbali. Kichwa chenye ncha butu hupoteza kasi upesi zaidi, jambo lisilo na madhara msituni lakini linaloonekana mbugani.

Linganisha namba hizo na mahitaji ya kichwa. Vichwa vingi vya ncha laini huacha kuchanua vizuri kasi inaposhuka chini ya mita 550 kwa sekunde. Vichwa vya shaba tupu ni vigumu zaidi, na vingi huhitaji karibu mita 600. Mtengenezaji akitoa kima chake cha chini, kifuate hicho.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa uchungu. Nilibeba .300 Winchester Magnum yenye vichwa vyepesi vya ncha ya plastiki, nikampiga kongoni begani kwa hatua zisizozidi 50. Tulimfuata kwa muda wa saa nne. Tulipomchuna tulikuta bega limesagika na vipande vya koti vimetapakaa chini ya ngozi, wala hakuna kilichovuka mbavu. Aliteseka kwa sababu ya boksi nililolichagua kwa kutazama kasi iliyoandikwa ubavuni.

Dalili ya mafanikio: kwa kila boksi umeandika kasi mbili, moja ya umbali wako mfupi kuliko yote na nyingine ya umbali wako mrefu kuliko yote.

## Hatua ya 4: Chagua muundo wa kichwa

Sasa una umbali na kasi. Ongeza mnyama, kisha uchague.

### Ndani ya miombo, chini ya mita 100

Kwa kongoni, palahala, korongo, kuro na pundamilia, tafuta kichwa kinachoshikamana. Njia za kukishikamanisha ni tatu. Kuna ambacho kiini kimeunganishwa na koti kwa joto au kemikali ili visiachane. Kuna chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ichanue na ya nyuma ibaki nzima, ambacho Nosler Partition ni mfano wake unaojulikana sana. Na kuna cha shaba tupu, kisicho na kiini cha kutoka. Vyote vitatu huvunja bega na kuendelea ndani.

Kama mfuko hauruhusu vichwa hivyo, ambavyo kweli ni ghali, chukua cha kawaida cha ncha laini lakini kizito, chenye kasi ya wastani: greni 180 au 220 katika .30-06. Kizito huanza polepole zaidi, na kwa kuwa ni kirefu kwa unene ule ule husukuma ndani zaidi. Wazee waliowinda kwa vichwa vizito vya ncha ya mviringo hawakuwa wajinga; umbali wao ulikuwa mfupi na risasi zao ziliufaa.

Pofu ni jambo jingine. Dume lake linaweza kuzidi kilo 700. Ingawa mwenendo wake ni wa upole, kifua chake ni kinene, na anataka kichwa kigumu kuchanika kuliko swala yeyote.

Onyo kuhusu matawi: imani kwamba kichwa kizito "hukata" vijiti na kuendelea na njia yake si ya kutegemea. Kijiti chembamba kama kidole kinaweza kukigeuza kichwa chochote, na kikigeuka karibu na wewe kitafika mbali na ulipolenga. Subiri upenyo ulio wazi. Ukikosekana, usipige.

### Mbugani, mita 100 hadi 250

Hapa kwa nyamera, tohe na swala pala ncha iliyochongoka ina faida ya kweli, kwa kuwa hupasua hewa vizuri na upepo huisukuma kidogo. Greni 150 hadi 180 katika .30-06 au .308 zinatosha. Kichwa cha kawaida cha ncha laini hufanya kazi nzuri sana katika umbali huu, kwa sababu kasi imeshuka kiasi cha kutokipasua. Hakuna haja ya kulipia ugumu usiohitajika, na kilicho kigumu mno kinaweza kumpita swala pala mwembamba bila kuchanua vya kutosha.

Kama siku moja unaweza kukutana na msitu na mbuga pamoja, kama ilivyo kwa wengi wetu, chagua kwa ajili ya msitu. Kichwa kilichounganishwa cha greni 180 kitafanya kazi inayokubalika kwa mita 200. Kichwa laini cha mbugani hakitakusamehe kwa mita 30.

### Nyati

Nyati hutaka kaliba ya .375 au zaidi, na mwindaji bingwa wako, yaani mtaalamu anayekuongoza porini, hatakuruhusu kushuka chini ya hapo. Kichwa cha greni 300 katika .375 H&H huondoka kwa karibu mita 770 kwa sekunde, na kwa kuwa nyati hupigwa chini ya mita 80, tena mara nyingi chini ya 50, kasi haipungui sana. Mpigo wa kwanza uwe wa kichwa kinachochanua lakini kilicho imara kuliko vyote unavyoweza kupata.

Risasi ngumu, zile zisizochanua kabisa, zina nafasi yake katika mipigo inayofuata, mnyama anapoondoka na umebaki na mgongo wake tu. Usianze nazo katikati ya kundi. Hupita mwilini na kumjeruhi wa nyuma, na hapo utakuwa na majeruhi wawili, mmoja wao hayumo katika leseni yako.

### Usizotumia

Risasi za kijeshi zilizofunikwa koti hadi nchani hazifai kuwindia swala hata zikiingia chembani na hata zikiwa rahisi kupatikana. Hazikuundwa zichanue. Mnyama hukimbia na tundu dogo, akafia asikojulikana.

### Neno kuhusu nyama

Kichwa chenye madini ya risasi humwaga chembe ndogo ndani ya nyama, nyingine hazionekani kwa macho wala kuhisiwa kwa meno. Madini hayo ni sumu, na wanaodhurika zaidi ni watoto na wajawazito. Kata na utupe nyama yote iliyovia damu kuzunguka kidonda, kisha ongeza kipande kizuri kando yake, wala usiwape mbwa. Familia inayokula nyama ya porini mara kwa mara ina sababu ya kutosha ya kuchagua shaba tupu.

## Hatua ya 5: Iulize bunduki inapenda ipi

Bunduki mbili za kaliba moja, hata zikitoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana katika risasi zinazozipenda. Kwa hiyo uchaguzi wa karatasini lazima uthibitishwe.

Safisha mtutu. Lalia mifuko ya mchanga, weka shabaha mita 100, upige risasi tatu za aina ya kwanza ukisubiri mtutu upoe. Badilisha karatasi, upige aina ya pili. Usirekebishe darubini kati ya aina na aina, kwa maana unachotafuta sasa ni ukaribu wa matundu na si mahali yalipo.

Matundu matatu yakiingia ndani ya sentimita 5, risasi hiyo inatosha kwa kila umbali uliotajwa hapa. Usihangaike kutafuta sentimita 2 kwa kazi ya miombo. Lakini angalia sana tundu la kwanza, lile la mtutu uliopoa, kwa sababu porini huo ndio mpigo utakaoupiga.

Ukichagua aina moja, sawazisha darubini. Kwa .30-06 ya greni 180 napendekeza ipige katikati kwa mita 150. Hapo itakuwa juu kwa kama sentimita 3 kwa mita 100, na chini kwa kama sentimita 8 kwa mita 200, hivyo hadi mita 180 unalenga katikati ya kifua bila kuhesabu lolote. Aliyesawazisha kwa mita 100 atajikuta chini kwa kama sentimita 13 kwa mita 200, na kwa mita 300 karibu sentimita 47, ambazo ni zaidi ya kina cha kifua cha swala pala.

Upepo nao una hesabu yake. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukitoka ubavuni husogeza kichwa hicho kama sentimita 9 kwa mita 200 na kama 20 kwa mita 300. Msituni hutauona. Kwenye tambarare za Malagarasi mchana, utauona.

## Hatua ya 6: Tazama kichwa kinavyochanua

Loweka magazeti usiku kucha, yapange kwenye boksi yakiwa yamebanana, uweke boksi mbele ya tuta la udongo. Piga risasi moja kutoka umbali wako mfupi, kisha nyingine kutoka umbali wako mrefu kwenye boksi lingine. Fukua vichwa, uvioshe, uvipime.

Gazeti bichi si nyama, na hukizuia kichwa kwa namna yake. Tumia jaribio hili kulinganisha boksi na boksi tu. Kichwa kizuri cha .30 kitakuwa kimepanuka kufikia milimita 12 hadi 16 kutoka unene wa milimita 7.8. Kilichounganishwa au cha shaba tupu kinapaswa kubaki na sehemu kubwa ya uzito wake. Ukikuta koti tupu kwa umbali mfupi, boksi hilo si la miombo. Ukikuta kichwa karibu kizima kwa umbali mrefu, boksi hilo si la mbuga.

## Hatua ya 7: Weka mpaka wako

Acha mifuko ya mchanga. Chukua miti mitatu, simama, na uanze na sahani ya sentimita 15 kwa mita 50. Ukiipiga mara 5 kwa 5, rudi nyuma mita 25. Endelea hadi utakapokosa mara moja. Umbali uliotangulia ule uliokosea ndio mpaka wako wa siku hiyo, hata kama risasi yako ina uwezo wa mita 300.

Kisha rudia baada ya kukimbia kidogo, moyo ukidunda. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kuandika. Anayefuata nyayo kwa saa mbili kwenye joto la Oktoba, mbung'o wakimtafuna shingoni, hapigi kama aliyekunywa chai na kukaa kivulini.

Dalili ya mafanikio: namba moja ya mita, imeandikwa kwenye jalada la daftari, ambayo hutaizidi hata mwenzako akikuhimiza.

## Hatua ya 8: Uzibebe vizuri

Nunua za msimu mzima kutoka toleo moja, kwa kutazama namba iliyochapishwa kwenye boksi. Usichanganye aina mbili mfukoni. Kama umebeba za kuchanua na ngumu kwa ajili ya nyati, kila aina iwe na mfuko wake, na mkono wako ujue upande bila macho.

Usiache risasi kwenye dashibodi ya gari. Baruti iliyopashwa joto na jua la Tabora huongeza msukumo chembani. Kasi hubadilika, na bolti, yaani komeo linalofunga chemba, inaweza kuwa nzito kufungua. Ukiona dalili hiyo, acha kupiga, uziweke kivulini. Ganda lenye kutu, lililobonyea au lenye ufa usilijaribu hata kidogo. Lirudishe kwa muuzaji au polisi.

## Hatua ya 9: Mhoji mnyama baada ya mpigo

Baada ya kupiga, pakia tena, weka alama mahali uliposimama na mahali aliposimama mnyama. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na mnyama hatakuwa mbali. Damu nyeusi au yenye majani yaliyotafunwa ni ya ini au tumbo, nayo hudai subira ndefu kabla ya kufuata. Nyati aliyejeruhiwa ni kazi ya mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Wewe fuata amri zao.

Wakati wa kuchuna, fuata njia ya kichwa kwa kisu kutoka tundu la kuingilia. Mara nyingi utakikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, ambako ngozi hunyumbuka na kukizuia. Kioshe, kipime, kifunge kwa gundi kwenye ukurasa wa daftari, na kando yake uandike mnyama, umbali kwa hatua, pembe ya mpigo, mfupa uliovunjwa, na hatua alizokwenda kabla ya kuanguka. Ukurasa wangu ninaourejea zaidi una kipande cha koti la shaba kisichofika gramu 3, na mbele yake nimeandika: kongoni, hatua 48, saa nne.